Kufuatilia Joto na Afya ya Diski Ngumu: Mwongozo Kamili

Anayeanza kufuatilia diski zake huuliza kwanza swali moja: joto likifika nyuzi ngapi ni hatari? Swali hilo lina jibu, nami nitalitoa, lakini jibu lenyewe halimfikishi mtu mbali. Diski iliyokaa kwenye nyuzi 44 za Selsiasi kwa miaka minne bila kuyumba inanipa amani kuliko diski iliyokuwa na nyuzi 34 mwezi uliopita na leo ina 43, ilhali kazi ni ileile na chumba ni kilekile. Ya kwanza iko katika joto lake la kawaida. Ya pili imepatwa na jambo, na jambo hilo linapaswa kutafutwa leo, si baada ya mafaili kugoma kufunguka. Ndiyo maana katika hatua zote zinazofuata nitakusihi uijue hali ya kawaida ya diski yako mwenyewe, uiandike mahali, kisha uwe unailinganisha na hali ya leo.

Maelezo haya yanahusu hasa diski zenye sahani zinazozunguka, ziwe ndani ya kompyuta ya mezani, ya mkononi, seva au kasha la nje la USB. Diski za SSD, zisizo na sahani inayozunguka, zina tabia nyingine, nazo nitazigusa kwa ufupi.

Kwa nini diski hupata joto

Diski ngumu ni mashine kabla ya kuwa kifaa cha kielektroniki. Ndani yake kuna sahani moja au zaidi, za alumini au za kioo, zilizopakwa utando wa sumaku, na mota huzizungusha mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Katika diski ya inchi 3.5 inayozunguka mara 7,200, ukingo wa sahani hukimbia zaidi ya kilomita 120 kwa saa, na juu yake kichwa cha kusomea na kuandikia huelea kwa umbali wa nanomita chache tu, wakati unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kinachokishikilia kichwa hicho hewani ni mto mwembamba wa hewa unaoletwa na mzunguko wenyewe. Katika diski nyingi kubwa zilizotengenezwa tangu 2013, hewa imeondolewa na mahali pake pamejazwa heliamu, gesi nyepesi ambayo hupunguza msuguano, na kwa hiyo hupunguza umeme unaotumika na joto linalozalishwa.

Diski ya inchi 3.5 ikiwa kazini hutumia kwa kawaida wati 5 hadi 10, na karibu umeme huo wote huishia kuwa joto. Joto lisipopata njia ya kutoka hujikusanya: vyuma hutanuka, mafuta ya beringi huwa mepesi kupita kiasi, na vipande vya ubao wa saketi huchakaa mapema. Baridi kali nayo si rafiki, kwa kuwa mafuta yaleyale huwa mazito na mota hupata taabu kuanza kuzunguka. Hatari nyingine ni ya diski iliyotoka kwenye baridi na kuingizwa ghafla katika chumba chenye joto na unyevu, kwa sababu mvuke huweza kuganda juu yake ukawa matone. Diski ya namna hiyo iachwe saa kadhaa ndani ya mfuko wake uliofungwa, mpaka ilingane na joto la chumba, ndipo iwashwe.

Utafiti unasema nini

Kwa miaka mingi mafundi waliamini kwamba joto ndilo adui mkuu wa diski. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa kazini, na matokeo hayo yaliwashangaza wengi. Katika viwango vya kawaida vya joto, uhusiano kati ya joto na kuharibika kwa diski ulikuwa hafifu kuliko ilivyodhaniwa. Diski zilizokaa kwenye baridi zaidi hazikuwa salama zaidi, na ubaya wa joto kali ulionekana hasa kwa diski zilizotimiza miaka mitatu na kuendelea. Mwaka 2013 watafiti wa Microsoft nao walichapisha uchunguzi wa vituo vyao vya data, wakaona uhusiano ulio wazi zaidi kati ya joto na kuharibika. Mimi sioni kwamba tafiti hizi mbili zinapingana kiasi cha kumwacha msomaji njia panda. Zote zinatuelekeza kuepuka joto kali, hasa kwa diski zilizozeeka, na hakuna hata moja inayotuambia kwamba diski iliyopoa ni diski iliyo salama.

Katika utafiti huo wa Google kuna tarakimu mbili ambazo kila mwenye diski angepaswa kuzijua. Diski iliyopata kosa lake la kwanza la kusoma wakati wa ukaguzi wa uso wa sahani ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kuharibika ndani ya siku 60 kuliko diski isiyo na kosa kama hilo. Lakini pia, asilimia 36 ya diski zote zilizoharibika hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote katika vipimo vyake, ukiacha joto. Dalili ikitokea, basi ni ya kuaminiwa. Isipotokea, ukimya huo si ahadi.

Mwaka huohuo Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walionyesha udhaifu wa namba ambayo watengenezaji huiandika kwenye karatasi za bidhaa. Diski inayodaiwa kuwa na wastani wa saa 1,000,000 kabla ya kuharibika, ukipiga hesabu, ingemaanisha miaka 114, au chini ya asilimia 1 ya diski kuharibika kila mwaka. Katika vituo walivyovichunguza, diski zilizobadilishwa kwa mwaka zilikuwa kwa kawaida asilimia 2 hadi 4, na mahali pengine zilifika asilimia 13. Namba ya karatasini haielezi umri wa diski moja iliyo mezani kwako, na haifai kuifanya kuwa msingi wa mpango wowote.

Hatua ya kwanza: nakala rudufu kabla ya kipimo chochote

Naiweka hatua hii mwanzoni kwa makusudi. Majaribio tutakayoyafanya hayafuti data, lakini huifanyisha diski kazi kwa saa nyingi, na diski iliyo hoi inaweza kufia katikati ya jaribio. Mafaili usiyoweza kuyapata tena yawe na nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja kati ya hizo ikae mbali na jengo lilipo kompyuta. Kisha fungua mafaili machache kutoka kwenye nakala yenyewe uone kama yanasomeka, kwa kuwa nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni dhana tu.

Hatua ya pili: sakinisha programu na uitambue diski

Tangu miaka ya 1990 diski nyingi zimebeba ndani yake mfumo wa kujichunguza uitwao SMART, ambao huhesabu makosa, saa za kazi, idadi ya mara diski ilivyowashwa, na joto. Kazi yetu ni kuusoma.

Kwenye Windows, programu iliyozoeleka ni CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure na huonyesha joto pamoja na hali ya jumla ya diski mara inapofunguliwa. Tahadhari moja tu: kwa mipangilio yake ya awali programu hii huandika thamani ghafi, yaani hesabu ya diski yenyewe, kwa mfumo wa msingi wa 16 (hexadesimali), hivyo ukiona 00000000001A usidhani ni msimbo wa siri, ni 26. Ndani ya menyu zake kuna sehemu ya kubadilisha thamani hizo ziwe katika mfumo wa kumi, na ni vizuri ufanye hivyo mapema ili usije ukalinganisha namba za mifumo miwili tofauti. Wanaopendelea dirisha la amri watatumia smartmontools, inayopatikana kwa Windows, macOS na Linux. Kwenye Debian au Ubuntu huwekwa hivi:

sudo apt install smartmontools

Kisha orodhesha diski zilizopo, na uombe utambulisho wa ile unayoitaka:

sudo smartctl --scan
sudo smartctl -i /dev/sda

Jibu litakupa modeli, ukubwa na namba ya utambulisho ya diski. Nakili namba hiyo kwenye daftari, na ikiwezekana ibandike kwenye uso wa diski unaoonekana bila kuichomoa, kwa kuwa siku ya kuing'oa diski mbovu katikati ya diski nne zinazofanana ndiyo siku watu wanapong'oa iliyo nzima. Majina kama sda na sdb huweza kubadilika kompyuta inapowashwa upya; namba ya utambulisho haibadiliki.

Diski iliyo ndani ya kasha la USB wakati mwingine haijibu, kwa kuwa saketi ya kasha husimama katikati. Ongeza -d sat katika amri, na mara nyingi itajibu. Yapo makasha yasiyopitisha taarifa hizi kabisa, na kwa diski unayoitegemea kasha la namna hiyo silipendekezi, hata likiwa zuri vipi kwa mambo mengine.

Hatua ya tatu: soma joto, usome mstari mzima

Amri ni hii:

sudo smartctl -A /dev/sda

Itatoka jedwali refu. Tafuta mstari wenye namba 194, ambao katika diski moja niliyo nayo husomeka hivi:

194 Temperature_Celsius 0x0022 112 098 000 Old_age Always - 38

Wengi huona 112 wakashtuka. Hiyo si joto. Joto ni namba ya mwisho kabisa, 38, ambayo ndiyo thamani ghafi. Namba 112 ni thamani iliyopangwa na mtengenezaji, ambayo hushuka kadiri hali inavyozidi kuwa mbaya. 098 inayofuata ni thamani mbaya kuliko zote zilizowahi kufikiwa. Na 000 ni kikomo ambacho thamani ikikifikia diski hutangaza kwamba imeshindwa. Katika diski hii, 112 ukijumlisha na 38 unapata 150, na hesabu hiyo hubaki vilevile joto linapopanda na kushuka. Kwa hiyo 098 inanisimulia jambo ambalo sikulishuhudia: siku moja diski hii ilifika nyuzi 52. Watengenezaji wengine hupanga tofauti, wapo wanaorudia joto lenyewe katika safu ya thamani na wapo wanaotoa joto kutoka 100, hivyo soma mara mbili tatu kwa saa tofauti kabla ya kuamua hesabu ya diski yako. Diski nyingine hukurahisishia kwa kuandika kiwango cha chini na cha juu kwenye mabano mwishoni mwa mstari, na nyingine huweka joto katika mstari wa 190 badala ya 194.

Diski nyingi pia huweka historia ya joto lake zenyewe. Amri ifuatayo huleta jedwali la saa zilizopita, pamoja na kiwango cha juu kilichowahi kufikiwa tangu diski iwashwe na tangu itoke kiwandani:

sudo smartctl -l scttemp /dev/sda

Mimi huitumia kila ninapokabidhiwa diski iliyotumika. Saa za kazi na joto la juu la maisha yake hueleza mengi kuliko maneno ya aliyekuwa nayo.

Hatua ya nne: pata joto la kawaida la diski yako

Pima mara tatu kwa siku, kwa muda wa wiki moja: dakika chache baada ya kuwasha, baada ya saa mbili ikiwa imetulia, na ikiwa katikati ya kazi nzito kama kunakili faili kubwa. Kila unapopima, andika pia joto la chumba, kwa sababu diski hufuata chumba karibu nyuzi kwa nyuzi, na bila kipimo hicho utalaumu diski kwa kosa la hali ya hewa. Kinachobaki ukitoa joto la chumba kwenye joto la diski ndicho kipimo cha kweli cha jinsi inavyopozwa. Diski ya 45 katika chumba cha 32 imepozwa vizuri kuliko diski ya 42 katika chumba cha 20.

Sasa jibu la lile swali la mwanzo. Diski nyingi za kawaida zimeruhusiwa na watengenezaji wake kufanya kazi hadi nyuzi 60, na baadhi ya zile za seva hupita hapo kidogo. Kikomo halisi kipo kwenye karatasi ya modeli husika. Kikomo, hata hivyo, si mahali pa kuishi. Kati ya 25 na 45 sina wasiwasi wowote. Kati ya 46 na 50 hutafuta sababu bila haraka. Ikipita 50 na kubaki huko hurekebisha siku hiyohiyo, na ikikaribia 60 huizima. Hivi ni viwango vyangu, vimetokana na uangalifu wala si sheria ya kimaumbile.

Hatua ya tano: namba zinazobeba uzito kuliko joto

Katika jedwali lilelile kuna mistari mitano ambayo kampuni ya Backblaze, inayotunza data za watu kwa maelfu ya diski na kuchapisha takwimu zake tangu 2013, iliichagua kuwa ndiyo dalili za kutazamwa: 5, 187, 188, 197 na 198. Mwaka 2016 ilieleza kwamba asilimia 76.7 ya diski zake zilizoharibika zilikuwa na angalau mmoja wa mistari hiyo wenye thamani ghafi iliyo juu ya sifuri, huku kwa diski zilizokuwa zikiendelea kufanya kazi ikiwa asilimia 4.2 tu.

Mstari wa 5 huhesabu sekta mbovu (sekta ni kipande kidogo cha uso wa sahani kinachohifadhi data) ambazo diski imekwisha kuzitenga na kuziweka nyingine za akiba mahali pake. Wa 197 huhesabu sekta zinazosubiri hukumu: diski imeshindwa kuzisoma, lakini bado haijaamua kuzitenga, na kwa kawaida huamua data mpya inapoandikwa juu yake. Kwa hiyo 197 huweza kupanda kisha kurudi sifuri, na ikirudi hivyo huku 5 ikibaki sifuri, sekta zile zilikuwa na maandishi mabovu tu, labda kwa sababu umeme ulikatika katikati ya kuandika. Wa 198 huhesabu sekta zilizoshindikana wakati wa ukaguzi, wa 187 makosa ambayo diski haikuweza kuyasahihisha, na wa 188 amri zilizokwama hadi muda wake ukaisha. Huu wa mwisho usiuhukumu peke yake, kwa sababu umeme dhaifu nao huupandisha.

Sekta nne zilizotengwa miaka miwili iliyopita na kubaki nne hazinikoseshi usingizi. Sekta nne wiki iliyopita, kumi na moja juzi, na arobaini leo, ni diski inayokufa, hata programu ikiwa bado inaandika kwamba hali ni nzuri. Tangazo lile la jumla hubadilika tu baada ya thamani kufika kikomo cha mtengenezaji, na mara nyingi hapo umekwisha kuchelewa.

Mstari wa 199 unastahili maneno yake mwenyewe, kwa kuwa umewafanya watu kutupa diski nzima. Huhesabu makosa yanayotokea njiani kati ya diski na ubaomama, na kwa kawaida chanzo ni waya. Diski yangu moja ilipanda kutoka 0 hadi 212 ndani ya siku tatu, kompyuta ikawa inasita kila baada ya dakika kadhaa. Nilibadilisha waya wa SATA na kuuchomeka kwenye tundu jingine, na hesabu ikaganda pale kwenye 212. Haijarudi sifuri wala haitarudi, kwa sababu diski haifuti hesabu hiyo. Cha kutazama ni kama bado inaongezeka.

Usishtushwe pia na mistari ya 1 na 7 katika diski za Seagate. Thamani zake ghafi huwa namba za mamilioni, kwa kuwa zimepachikwa hesabu ya shughuli zote pamoja na makosa ndani ya namba moja, na huonekana hivyo hata kwa diski mpya.

Hatua ya sita: majaribio ya ndani

Jaribio fupi huchukua kama dakika mbili na hukagua saketi, mota, vichwa na sehemu ndogo ya uso wa sahani. Jaribio refu husoma uso wote, na kwa diski za terabaiti nyingi huweza kupita saa 24.

sudo smartctl -t short /dev/sda
sudo smartctl -t long /dev/sda
sudo smartctl -l selftest /dev/sda

Amri ya tatu huonyesha matokeo. Unaweza kuendelea na kazi nyepesi jaribio likiendelea, ila usiizime kompyuta wala usiiruhusu ilale. Soma joto katikati ya jaribio refu, kwa sababu ni njia rahisi ya kujua diski itafika nyuzi ngapi siku itakapofanyishwa kazi mfululizo. Jaribio likiishia kwenye kosa la kusoma, kumbuka ile namba 39 ya watafiti wa Google, na uruke moja kwa moja hadi hatua ya tisa.

Hatua ya saba: weka mlinzi wa kudumu

Hakuna anayeweza kusoma majedwali haya kila siku kwa miaka. Kwenye Linux kazi hiyo hukabidhiwa smartd, iliyomo ndani ya smartmontools, ambayo hukagua diski kila baada ya dakika 30 usipoipangia vingine. Fungua faili la /etc/smartd.conf. Juu kabisa utakuta mstari unaoanza na neno DEVICESCAN. Weka alama ya # mbele yake, kwani smartd ikiufikia mstari huo huacha kusoma yote yaliyo chini yake, na wengi wameandika mipangilio mizuri ambayo haikuwahi kutumika. Kisha ongeza:

/dev/sda -a -n standby,q -s (S/../.././02|L/../01/./03) -W 5,45,52 -m root

Sehemu ya -a huagiza dalili zote zifuatiliwe. Sehemu ya -n standby,q huizuia smartd isiiamshe diski iliyolala kwa sababu tu ya kuipima. Mabano ya -s hupanga jaribio fupi kila siku saa nane usiku na jaribio refu kila tarehe mosi ya mwezi saa tisa usiku. Tarakimu tatu za -W ndizo zinazohusu joto: badiliko la nyuzi 5 liandikwe kwenye kumbukumbu, kufika 45 kuandikwe, na kufika 52 kuletewe onyo kwa barua. Usizinakili tarakimu zangu kama zilivyo. Tumia zile ulizozipata katika hatua ya nne, ukiweka onyo nyuzi tano au sita juu ya kiwango cha juu cha kawaida cha diski yako. Badala ya root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta, unaweza kuandika anwani yako ya barua pepe, mradi kompyuta iwe na uwezo wa kutuma barua. Ongeza -M test mwishoni mwa mstari, anzisha upya huduma ya smartd, na usubiri barua ya majaribio. Isipofika, mlinzi wako ni bubu. Ikifika, ondoa -M test na uanzishe huduma tena.

Kwenye Windows, CrystalDiskInfo huweza kukaa karibu na saa ya kompyuta na kuonyesha joto muda wote, na pia kutoa onyo likipita kiwango ulichokipanga.

Hatua ya nane: kushusha joto

Kabla ya kununua feni, tafuta kilichozuia hewa. Nilikuwa na diski mbili za modeli moja, moja juu ya nyingine. Ya juu ikawa na nyuzi 46 na ya chini 39. Nilikuwa tayari kuamini kwamba ya juu inachakaa. Nikazima kompyuta, nikazibadilishana nafasi, na baada ya saa mbili joto la 46 likawa la diski nyingine. Tatizo lilikuwa la mahali, si la diski. Nilipomulika tochi niliona fungu la nyaya za umeme limelala mbele ya nusu ya juu ya matundu ya kuingizia hewa. Nilizifunga nyaya hizo pembeni kwa kamba ya plastiki, na diski ya juu ikashuka hadi 40. Kubadilishana nafasi ni kipimo kisicho na gharama, nami hukitumia kabla ya kutoa hukumu yoyote.

Vumbi huja baada ya nyaya. Chujio la mbele lisafishwe kila baada ya miezi michache, na unapopuliza feni zishikilie kwa kidole zisizunguke kwa nguvu ya upepo. Feni ielekezwe ili hewa ipite juu ya diski kutoka mbele kwenda nyuma. Hata feni inayozunguka polepole hutosha, kwani tofauti kubwa ni kati ya hewa iliyosimama na hewa inayotembea. Diski zikiwa nyingi, acha nafasi tupu kati yake ikiwa kasha linaruhusu. Kaza skrubu zote ili kuzuia mtetemo, ambao hukifanya kichwa cha kusomea kikose mstari wake na kurudia kazi. Makasha madogo ya USB yasiyo na feni ndiyo yenye joto baya kuliko yote wakati wa kunakili kwa muda mrefu, hivyo liweke kasha juu ya meza ngumu, wala si juu ya kitambaa au kitanda, na kama kazi ni ya saa nyingi ligawe katika vipande.

Usiifanye diski iwake na kuzimika kila dakika kumi ili ipoe. Kupanda na kushuka kwa joto, pamoja na kuwasha mota mara kwa mara, huichosha pia, na diski zina idadi ya mara zilizokadiriwa za kuegesha vichwa, kwa nyingi ikiwa 300,000 au 600,000, ambayo utaiona ikihesabiwa katika mstari wa 193.

SSD hazina mota, na zile za NVMe, aina ya SSD yenye kasi kubwa, hufika nyuzi 70 chini ya kazi nzito, kisha hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Viwango vyangu vya 45 na 50 usivitumie kwake. Smartctl huzisoma kwa amri ya -a, ambapo utapata pia viwango vya onyo alivyoviweka mtengenezaji.

Hatua ya tisa: diski inapoanza kuanguka

Ukisikia mgongano unaojirudia ndani ya diski, izime. Hakuna programu itakayotengeneza kichwa kilichoharibika, na kila sekunde ya mzunguko huweza kukwangua sahani. Diski hiyo ipelekwe kwa wataalamu wa kuokoa data, kama yaliyomo yanastahili gharama hiyo. Usiiweke kwenye friza, ushauri wa zamani unaoendelea kupita mikononi mwa watu, kwa sababu unyevu hugeuka matone juu ya ubao wa saketi na huweza kuingia hata ndani.

Ikiwa bado inazunguka kimya lakini 197 inapanda, acha kuandika chochote juu yake na usirudie jaribio refu. Tafuta diski nyingine yenye ukubwa ule ule au zaidi, na utumie ddrescue, ambayo kwanza hunakili sehemu zilizo nzima na kuziacha zile ngumu kwa baadaye:

sudo ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdc ramani.map
sudo ddrescue -f -d -r3 /dev/sdb /dev/sdc ramani.map

Ya kwanza katika amri ni diski mbovu, ya pili ni diski mpya, na kila kilichomo katika hiyo ya pili kitafutwa. Linganisha namba za utambulisho mara mbili kabla ya kubonyeza. Faili la ramani hutunza kumbukumbu ya kilichokwisha kunakiliwa, hivyo liweke kwenye diski ya tatu, na kazi ikikatika utaendelea palepale ilipoishia. Ielekezee diski mbovu feni muda wote, soma joto lake kila baada ya nusu saa, na likipita 50 isimamishe ipoe kabla ya kuendelea.

Diski ya kuziba pengo isipewe data siku hiyohiyo iliyofika. Ipitishe jaribio refu kwanza, kisha usome 5, 197 na 198, ambayo yote yanapaswa kuwa sifuri. Ikiwa mmoja wake una namba, irudishe ilikotoka ungali na haki ya kuirudisha. Ikifaulu, ichomeke mahali pake pa kudumu, ifanyishe kazi kwa saa mbili, na uandike kwenye daftari tarehe, namba yake ya utambulisho, joto la chumba na joto lake la kwanza.